Jino Lililoahirisha Upasuaji

Mtaani walimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi, kimejaa sponji, springi na mabaki ya vitambaa, na kwa miaka ishirini na mitatu alifanya kazi vilevile alivyofundishwa na kaka yake: misumari midogo ya kubana kitambaa aliitia mdomoni, kiganja kizima, kisha ulimi ukaitoa mmoja mmoja, nyundo ikipokea. Mteja mgeni akimtazama kutoka mlangoni alidhani anatafuna karanga. Meno yake ya mbele yalikuwa yameliwa na chuma, yana vijipengo, lakini hayo hayakumsumbua. Yaliyomsumbua yalikuwa ya nyuma, upande wa kushoto chini, na habari za hayo hakuwahi kumwambia mtu.

Kaka yake naye alikuwa mtu wa mwili. Mchana mmoja, akiwa na miaka arobaini na tisa, aliketi kupumzika kwenye kochi alilokuwa akilimalizia, akasema, "Ngoja nivute pumzi kidogo," na hakuinuka tena. Bonge ndiye aliyekuwa naye. Alimwita mara tatu akidhani anataniwa.

Sasa Bonge mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na saba na kilo mia moja sitini na nane. Sukari ilikuwa juu, magoti yalilalamika kila ngazi, na akilala pumzi ilikatika kabisa mpaka mkewe amtikise, ndipo irudi kwa kishindo. Alikuwa amejaribu kila kitu. Alijinyima, akatembea alfajiri, akapungua kilo kumi, zikarudi kumi na tano. Mwishowe daktari wa hospitali kubwa alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni upasuaji wa kupunguza tumbo. Alikubali siku hiyohiyo, maana hofu ya kufuata njia ya kaka yake ilizidi hofu ya kisu.

Hakujua kwamba kabla ya kisu kuna meno.

Muuguzi aliyeratibu wagonjwa wa upasuaji huo, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpa fomu ya vipimo. Damu, moyo, mapafu, ini, mtaalamu wa lishe. Mstari wa mwisho kabisa ulimtaka daktari wa meno atie sahihi na mhuri.

"Sasa dada, meno na tumbo wapi na wapi?" Bonge aliuliza, akijichekesha.

"Sana tu, kaka. Ukiwa na usaha kwenye jino, vijidudu vinaingia kwenye damu, halafu vinahamia kwenye kidonda cha tumbo. Na tumbo lenyewe likishakuwa dogo, kila tonge lazima lisagwe mdomoni mpaka liwe uji. Kipande kizima kikinasa utatamani usingezaliwa. Una jino linalouma?"

"Hakuna," alisema Bonge haraka mno. "Yangu mazima kabisa."

Ulimi wake, huku nyuma, ulikuwa umeshakwenda kuligusa gego la kushoto.

Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa kung'olewa jino kwenye zahanati. Mwenye kung'oa alikuwa na haraka, ganzi ilikuwa bado haijashika, na wanaume wawili walimkalia mikono na miguu. Alikumbuka sauti kuliko maumivu: mlio wa kitu kuvunjika ndani ya kichwa chake mwenyewe. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwa daktari wa meno. Jino likiuma alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akameza vidonge, akahamia kutafuna upande wa pili. Miaka minne ilikuwa imepita akitafuna upande wa kulia tu.

Hata hivyo alikwenda. Alipiga moyo konde, akavaa shati safi, akaingia kwenye kliniki ya meno iliyokuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono midogo na sauti ya upole. Alisoma fomu, akamwambia, "Karibu ukae, baba. Nanawa mikono nakuja."

Bonge hakukaa. Aliinama akakikagua kile kiti kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Aliangalia mguu wake mmoja mnene, bawaba ya mgongo, bolti. Kwenye ubavu kulikuwa na kibati, na kwenye kibati kulikuwa na maandishi: uzito usizidi kilo mia moja na arobaini.

Jasho jembamba lilimtoka. Miaka miwili nyuma, kwenye mkutano wa wazazi, kiti cha plastiki kilimvunjikia mbele ya ukumbi mzima, na binti zake pacha walikuwa wamekaa safu ya tatu. Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Sasa alijiona tena chali, safari hii na mdomo wazi na sindano ndani, na yule daktari binti akipiga kelele watu waje wamwinue. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye sinki pale alipofungua mlango taratibu. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, na hakusimama mpaka alipofika karakana, akihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Mkewe alikuwa karani wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Jioni alimuuliza, "Vipi, Baba Pacha, umefika kwa daktari wa meno?"

"Nimefika," alisema. Na kweli alikuwa amefika.

"Amesemaje?"

"Amesema nirudi kuchukua barua."

Uongo huo ulimlazimu kutafuta barua. Alikuwa na mteja mmoja, mzee mcheshi anayetengeneza meno ya bandia, ambaye makochi yake aliyavisha kitambaa upya mwaka uliopita. Mzee huyo hakuwa daktari, lakini alikuwa na mhuri wenye picha ya jino. Bonge alimweleza kwamba ni fomu tu, taratibu za ofisi. Mzee aliitazama, akamtazama Bonge.

"Nikuangalie basi hata mara moja, fundi."

"Hamna haja, mzee wangu. Mazima haya."

Mhuri ulipigwa. Hospitali wakapanga tarehe, na tangu siku hiyo Bonge hakuwa na raha. Kila asubuhi aliamka akiubonyeza ufizi kwa kidole. Kulikuwa na kijipele kidogo pale, kinavimba, kinapasuka, kinaacha ladha ya chumvi na uozo, kisha kinavimba tena. Alisukutua mpaka ufizi ukachubuka. Karakanani alianza kuweka misumari kwenye kopo badala ya mdomoni, kwa sababu gego lilikuwa limeanza kucheza na aliogopa ulimi usije ukalisukuma. Alijiambia kwamba hao madaktari watapasua tumbo. Nani atahangaika na mdomo?

Siku ya kulazwa, mkewe aliomba ruhusa kazini akaongozana naye. Wodini walimpa gauni lisilofunga nyuma na kitanda kipana. Mnamo saa nne asubuhi aliingia daktari wa usingizi, mwanamume mrefu mwenye nywele za mvi, akavuta kiti.

"Mimi ndiye nitakayekulaza kesho, na mimi ndiye nitakayekuamsha," alisema. "Wewe hutakuwa unapumua mwenyewe, nitapitisha mpira kooni mwako. Kwa hiyo nataka kuona njia yangu. Fungua mdomo."

Bonge alifungua nusu.

"Wote, kaka."

Akafungua. Tochi iliingia, kisha kidole chenye glovu. Kilipita meno ya mbele, kikapita pembeni, kikafika kushoto chini, kikasimama. Daktari alibonyeza kidogo. Bonge alibana shuka kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga, lakini hakutoa sauti. Daktari alitoa kidole, akakiangalia, akakinusa. Akakirudisha tena, safari hii akalishika lile gego kwa vidole viwili. Likaenda huku, likarudi huku.

"Nani alikuandikia kwamba meno yako ni salama?"

Daktari alichukua faili, akapekua mpaka kwenye fomu, akausogeza ule mhuri kwenye mwanga wa dirisha. Alisoma neno moja moja. Kisha aliifunga faili.

"Huyu anatengeneza meno ya bandia," alisema polepole. "Si daktari wa meno. Sikiliza, kaka. Ningekulaza kesho, nikaingiza chuma changu mdomoni mwako, jino hili lingeng'oka. Lingeanguka wapi? Kooni. Kutoka kooni linakwenda kwenye pafu, wewe umelala hujui, mimi nalitafuta. Hiyo ni moja. Hapa chini yake kuna jipu. Tumbo lako likishakatwa na kushonwa, usaha huu unatembea kwenye damu yako, na sukari yako ndiyo hiyo. Tungekufungua vizuri, tukakushona vizuri, na wiki ijayo mkeo angekuja kuchukua maiti. Upasuaji umeahirishwa."

Aliondoka. Mlango ulijifunga wenyewe taratibu.

Bonge alimtazama mkewe. Alitegemea maneno makali, na alikuwa tayari kuyapokea. Mkewe alikunja shati lake, akakunja suruali, akavikunjua tena, akakunja upya.

"Vaa twende," alisema.

Walipofika nyumbani, pacha walikuwa bado shuleni. Alimketisha mezani, akaketi mbele yake.

"Unajua nikiwa macho usiku nafanya nini, Baba Pacha? Nahesabu. Pumzi yako ikikatika, naanza moja, mbili, tatu. Nikifika kumi na tano nakutikisa. Juzi nilifika ishirini na mbili kwa sababu nilisinzia." Alimtazama usoni. "Nikawa nahesabu siku za kufika kesho. Na wewe ulikuwa unajua kwamba mdomoni una sumu, ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Hapo ndipo alipomweleza, kwa mara ya kwanza tangu waoane, habari za ile zahanati. Akamweleza na kile kibati cha kilo mia moja na arobaini. Alipokuwa akisimulia alijisikia mjinga, mwanaume mzima, lakini mkono wake ulikuwa umefunika shavu la kushoto kama mtoto, na hakuweza kuushusha. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia asiogope.

"Na mimi naogopa," alisema. "Kesho tunakwenda pamoja tukaogope hukohuko."

Yule binti daktari wa meno alimkumbuka. "Baba aliyeniacha na mikono ya maji," alisema, na Bonge akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mkewe alimgusa kiwiko.

"Daktari, kiti chako kinabeba mia na arobaini," alisema Bonge. "Mimi nina mia sitini na nane."

Binti alikitazama kiti, kisha kibati, kana kwamba hajawahi kukisoma. "Samahani sana, baba. Ilikuwa kazi yangu kukuuliza, si kazi yako kukimbia." Alifikiri. "Naweza kukutibu umeketi kwenye kiti cha kawaida, mimi nikasimama. Tatizo hivi vyangu vya wageni ni vya plastiki."

"Kiti ninacho," alisema Bonge.

Keshoye gari la mizigo liliegesha mbele ya duka la viatu. Vijana wawili wa karakana ya jirani walipandisha ngazi kiti chenye mikono cha mbao nzito, mgongo mrefu wa kuegemeza kichwa, springi za chuma kitupu. Alikitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kuketi wakati wa kushona, na alijua kila msumari uliomo. Muuza viatu alitoka nje kuangalia, akauliza kama kliniki inahama.

Kwanza walimpima sukari, kisha wakampiga picha ya eksirei. Daktari aliining'iniza picha kwenye taa. Chini ya gego la kushoto kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Jino la jirani nalo lilikuwa limeoza mpaka mzizini, na la tatu, upande wa juu, lilikuwa limebaki ganda tu. Matatu ya kung'oa, mawili ya kuziba, na ukoga wa miaka arobaini wa kukwangua. Alimwandikia dawa za kutuliza usaha na kumpangia siku.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Bonge hakulala, na asubuhi hakuweza kunywa chai vizuri. Aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, akashika mikono yake mwenyewe, na hata hivyo miguu ilikuwa ikigonga sakafu bila yeye kuiamuru. Sindano ilipoonekana, alijikuta tena na miaka tisa. Kifua kilibana, akadhani ndiyo hivyo, kwamba moyo utasimama hapahapa kama wa kaka yake, ghorofani, juu ya duka la viatu.

"Baba, nitazame," alisema daktari. "Ukiinua mkono, naacha. Iwe sindano, iwe koleo, naacha papo hapo. Jaribu sasa hivi uone."

Aliinua mkono. Daktari akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri.

Aliuinua mara saba asubuhi ile. Mara saba daktari aliacha. Baada ya ganzi alimgonga fizi kwa kichuma na kumuuliza anasikia nini, na hakugusa koleo mpaka Bonge alipojibu kwamba shavu limekuwa kama la mtu mwingine. Gego lenye jipu lilitoka kama kisiki kwenye tope. Harufu iliyofuata ilimfanya mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya mlango, ageuze uso dirishani. La pili ndilo lililoleta balaa: lilivunjika. Bonge aliusikia mlio ule, uleule, ndani ya kichwa. Alitoa mguno wa ajabu na mkono ukaruka juu.

"Mzizi umebaki," daktari alimwambia, akiwa amesimama mbali, mikono juu ili Bonge aione mitupu. "Si hatari. Lakini siwezi kuuacha. Pumua kwanza. Mimi sina haraka."

Walikaa hivyo dakika nyingi, mpaka honi za barabarani zikaanza kusikika tena. Kisha Bonge alishusha mkono na kufungua mdomo mwenyewe.

Ilichukua robo saa. Alipomaliza, daktari alikuwa na jasho kwenye paji la uso na mgongo umemkaza kwa kuinama. La tatu alimng'oa wiki mbili baadaye, ili sukari isije ikasumbua kidonda. Kisha akaziba, akakwangua, akamfundisha kupiga mswaki kana kwamba anafundisha mtoto wa chekechea, na Bonge akafuata kila alichoambiwa. Fizi zilichukua wiki sita kupona. Barua aliyoandikiwa safari hii ilikuwa ya ukurasa mzima.

Daktari wa usingizi aliisoma wodini, akawasha tochi, akapitisha kidole kila mahali. "Sasa ninaiona njia," alisema, akaenda zake.

Wasidhani wasomaji kwamba hofu ilikwisha. Asubuhi ya upasuaji Bonge alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu akihesabu taa za dari, na kwenye mlango ambao mkewe hakuruhusiwa kuupita alimshika kidole kimoja tu, kwa sababu mkono mzima ungemliza. Ndani kulikuwa na baridi. Mtu alimwekea kitu puani akamwambia avute. Alitaka kuinua mkono. Hakujua kama huku nako wanaacha mtu akiinua mkono, na kabla hajajua, hakuwepo tena.

Alizinduka koo likiwa kavu kama mchanga na tumbo likichoma, na sauti fulani ikimwita kaka, kaka, upasuaji umekwisha, fungua macho. Muuguzi mwenye miwani alikuwa anamfuta mate. Siku mbili hakupewa ila maji kwa kijiko. Kisha supu, kisha vitu vilivyosagwa, wiki baada ya wiki.

Siku aliyoruhusiwa chakula cha kutafuna, alipewa mezani kipande cha kuku kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Pacha waliacha vijiko vyao wakamtazama. Alitafuna kwa upande wa kulia kwanza, kisha akakumbuka kwamba upande wa kushoto hauumi tena, ingawa chini ulikuwa na mapengo mawili, na akajifunza upya kukipeleka chakula huku na huku. Alitafuna mpaka hakukuwa na cha kutafuna, na bado hakumeza. Aliwaza kuhusu ile mishono.

"Baba, si umeze sasa," alisema pacha mkubwa, "sisi tutachelewa shule."

Akameza. Kila mtu alisikiliza, kana kwamba tumbo litasema. Kitu kilishuka taratibu, kikakaa.

"Kimepita?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri," alisema Bonge, mkono kifuani. Wakasubiri. Nje gari la taka lilipita likipiga kengele, pacha mdogo akaanza kufunga kamba za viatu. "Kimepita."

Akakata kipande kingine, kidogo zaidi ya kile cha kwanza.